Ungo wa Akiba

Kwa mujibu wa tamko lililosomwa siku ya uzinduzi wa ukumbi mpya wa Kituo cha Sanaa za Watoto Nuru ya Mpakani, mjini Tunduma, kila mtoto wa kituo hicho anayo nafasi yake. Nafasi ya mtoto aliyesafiri italindwa. Haitapewa mtoto mwingine, wala haitapunguzwa, mpaka mwenyewe atakaporejea. Mgeni rasmi alilisoma kwa sauti ya mtu aliyeshiba, likapigiwa makofi, likachapishwa, likatiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa kando ya swichi ya taa. Anayetaka mwanga lazima kwanza alitazame.

Aliyewasha taa kila siku saa tisa alasiri alikuwa Tukuswiga Kibona, mwalimu wa ngoma. Tamko lile lilikuwa lake kuliko la mtu mwingine yeyote, ingawa jina lake halikuwamo.

Alizaliwa Mbebe, kule milimani Ileje, akaolewa Tunduma na fundi baiskeli mmoja mpole aliyekuja kufariki kwa upole uleule. Baada ya hapo akauza maharage sokoni. Watoto wa wafanyabiashara walikuwa wakizagaa huko na huko, na mchezo walioupenda kuliko yote ulikuwa kujificha chini ya malori yanayosubiri kuvuka. Tukuswiga akawakusanya nyuma ya kanisa, akawafundisha ngoma ya ungo aliyoicheza alipokuwa mdogo. Hakuwa na nia ya kuanzisha kituo. Alikuwa na nia ya kuwatoa chini ya malori. Nia hiyo ndogo ilikua mwaka hadi mwaka mpaka ikapata mhuri.

Ngoma yenyewe si ngumu kuieleza. Watoto kumi na wawili husimama mstari mmoja, miguu haitulii, na ungo hupita mkono kwa mkono toka wa kwanza hadi wa mwisho, kila mmoja akiupepeta kwa mbwembwe zake. Ugumu ni kwamba Tunduma watoto hawakai. Leo mtoto yupo, kesho amemfuata shangazi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Huyu yuko msibani Ihanda, yule amechukuliwa kwenda kuvuna kijijini Ruanda. Mwalimu mwingine angewasogeza waliobaki, mstari ukazibika. Tukuswiga hakusogeza mtu. Ukiwasogeza, alisema, huyo mmoja akirudi itabidi uwafundishe wote upya.

"Aliyesafiri tunamruka," aliwaambia watoto. "Hatumzibi."

Basi palipokosekana mtoto pengo lilibaki, na ungo ulirushwa juu ya pengo, ukadakwa upande wa pili. Mwenyewe akirudi anaingia mahali pake, na ungo unarudia kupita mkononi. Watoto walizoea hivyo kiasi kwamba hata shuleni, mwenzao akiugua, hawakubali kujibana kwenye dawati. Mwalimu wao wa hesabu alilifikisha jambo hilo kwenye kikao cha wazazi.

Wa saba kwenye mstari alikuwa Witness, mjukuu wa Tukuswiga, ambaye kulia kwake alisimama Amoni na kushoto Nesta. Mama yake, Eva, alifariki Witness akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo mtoto alikaa kwa bibi yake. Baba yake, Watson, alikuwa mtu wa ng'ambo, upande wa Zambia, dereva wa lori, mwenye heshima nyingi na kalenda yake mwenyewe. Siku moja alikuja, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mayo, ni wiki mbili tu," alisema. Mayo ni mama, kwao. "Mama yangu mzazi ametutoka. Mjukuu lazima aonekane msibani."

"Wiki mbili."

"Mbili, Mayo. Ya tatu mtoto yuko hapa, mukwai," alisema, akimalizia kwa neno lao la heshima.

Witness alikuwa na miaka tisa, na tayari alikuwa amevaa viatu.

"Avae sweta," alisema Tukuswiga.

Wiki mbili za Watson zilichukua miezi kumi na sita. Mwanzoni simu ilipokelewa: mtoto ameanza shule huku, mke wangu amejifungua, tunasubiri karatasi. Baadaye simu haikupatikana. Tukuswiga aliendelea kuipiga kila Jumapili baada ya ibada, kama mtu anayerudi kujaribu kitasa cha mlango aliokwisha kuufunga. Hakulia. Wanawake wa kanisani walikuja kumfariji, wakakaa, wakatafuta pa kumfariji wasipaone, wakanywa chai wakaondoka. Yeye akaosha vikombe.

Kitu kimoja tu aliweza kumtunzia Witness, nacho ni ile hatua moja kati ya Amoni na Nesta. Mtoto akirudi saa yoyote, aingie pale kama vile alikwenda dukani. Hilo ndilo alilolitaka, na hakuwa na nguvu ya kutaka la pili.

Mwezi wa kwanza ungo ulianguka kila siku. Mwezi wa tatu ulianguka mara chache. Kufikia mwezi wa sita Amoni alikuwa anaurusha kwa kupitisha mgongoni, unapaa ukizunguka kama gurudumu, na Nesta anaudaka kwa mkono mmoja huku akitazama kwingine. Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa wamechoka kurusha kwa namna moja.

Mwaka ulipotimia ndipo ukumbi mpya ulipokamilika, wenye vigae na kioo ukuta mzima, na pamoja na vigae akaja mratibu. Gasper alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane aliyesomea sanaa pwani, mtu safi, asiye na kiburi, aliyelitumia neno ubunifu hata kwenye chakula. Siku yake ya kwanza alisimama mbele ya mstari, akakunja uso.

"Mwalimu, hapa katikati mbona pana tundu?"

"Ni Witness."

Gasper akatazama tena. "Yuko wapi?"

"Zambia."

"Anarudi lini?"

"Baba yake alisema wiki mbili."

"Alisema lini?"

"Mwaka jana."

Gasper akafungua kinywa aseme pazibwe, na wakati huohuo Amoni akarusha. Ungo ulikaribia kugusa dari, ukageuka huko juu polepole, ukashuka mkononi mwa Nesta. Gasper akaacha la kuziba, akaomba warushe tena.

Mwezi uliofuata alikuwa ameandika kurasa nne. Pengo, kwa maelezo yake, liliwakilisha watoto wanaotenganishwa na mpaka. Akamsomea Tukuswiga.

"Haliwakilishi," alisema Tukuswiga. "Ni la Witness."

"Ndiyo hivyo, Mwalimu. Ni kitu kilekile."

Kurasa nne zikapanda ngazi za ofisi, na siku ya uzinduzi zikashuka zikiwa tamko. Mistari miwili ya utepe wa njano ikabandikwa kwenye vigae, kulia na kushoto kwa pengo, na watoto wakakatazwa kukanyaga katikati hata wakati wa kufagia.

Witness alirudi Jumanne moja saa nne asubuhi, kwa miguu yake, na begi begani. Baba yake alikuwa amemshusha upande wa Nakonde kwa sababu lori lilikuwa la arobaini kwenye foleni. Alikuwa amerefuka, na viatu vilikuwa vingine.

"Hodi, Bibi."

"Karibu. Sweta liko wapi?"

"Lilinibana. Wamempa mtoto wao."

"Umekula?"

"Nimekula njiani."

Tukuswiga alijipapasa ndani kama anayepapasa mfuko kutafuta ufunguo, aone kama amefurahi. Hakukuta kitu. Akabandika maji ya ugali. Furaha ingefika baadaye, alidhani. Pengine nayo ilikuwa huko nyuma ya malori. Lakini saa tisa aliijua, na ilipofika akamshika mtoto mkono, akamwongoza mpaka ukumbini, akawasha taa, akamsimamisha kati ya mistari miwili ya njano.

Ungo ukatoka kwa wa kwanza. Ukafika kwa Amoni, Amoni akampa Witness, Witness akaupepeta vizuri tu, akampa Nesta. Haikukosewa hatua hata moja. Ulipita kama sahani inavyopita mezani.

Walipomaliza, Nesta aliitazama mikono yake.

"Mwalimu," alisema Nesta, "sasa mimi nadaka nini?"

"Unapokea."

"Kupokea hata mdogo wangu anapokea."

Amoni akamgeukia Witness. Hakuwa na ubaya wowote. "We nawe, Zambia pamekushinda nini?"

"Bibi aliniambia nafasi yangu ipo."

"Ipo. Ila siyo ya kusimama."

Watoto wawili watatu wakacheka. Witness naye akacheka kidogo, kwa kuchelewa, kama anayejibu lugha aliyoanza kuisahau.

Gasper alimwita Tukuswiga pembeni, karibu na swichi. Zilikuwa zimebaki wiki mbili waende Vwawa kwenye mashindano ya mkoa.

"Mama, kwanza nimefurahi sana mtoto amerudi. Kweli kabisa."

"Asante."

"Na nafasi yake ipo. Unaiona mwenyewe. Hakuna aliyeigusa."

"Basi aingie."

"Akiingia haitakuwepo."

Tukuswiga aliinua macho kwenye fremu. "Hapa wameandika mpaka atakaporejea."

"Ndiyo, wameandika." Gasper alilisoma naye, kwa makini, kama vile siye aliyelitunga. "Lakini fomu tulishatuma, Mama. Tumeeleza kuna pengo. Tukienda Vwawa bila pengo tutaonekana waongo."

"Na mwenye pengo?"

"Atashika ungo wa akiba. Wa kwanza ukianguka, ampe Nesta haraka, ngoma isisimame. Ni kazi kubwa hiyo."

Nyuma yao Amoni na Nesta walikuwa wanarushiana, wamerudi kila mtu upande wake wa njano bila kuambiwa. Tukuswiga aliwatazama kwenye kioo. Yeye ndiye aliyewafundisha kuruka badala ya kuziba, na walikuwa wamefundishika.

"Sawa," alisema. Alilisema kwa sauti ileile iliyosema avae sweta.

Jioni, wakichambua maharage, akamweleza mjukuu wake. Witness alisikiliza huku akitupa mawe kwenye bakuli.

"Nikae pembeni mpaka lini, Bibi?"

"Wiki mbili," alisema Tukuswiga, kisha akasikia alichokisema. Aliendelea kuchambua.

Vwawa palikuwa na turubai kubwa na spika zilizokoroma. Witness alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa jukwaa, sare imepigwa pasi, ungo wa akiba mapajani. Tukuswiga alisimama nyuma ya kiti chake. Ungo wa kwanza ukaanza safari, mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulipofika kwa Amoni, Tukuswiga aligundua kwamba kwa mara ya kwanza katika miezi mingi anaomba kitu. Alikuwa anaomba uanguke.

Amoni akarusha. Ungo ukapaa, ukazunguka mpaka watu wa nyuma wakanyanyuka kwenye viti. Mkono wa Witness nao ulinyanyuka kidogo, ukafunguka, kisha ukarudi mapajani. Nesta alidaka kwa mkono mmoja akitazama kwingine.

Walishika nafasi ya kwanza. Mgeni rasmi, yuleyule wa uzinduzi, alisema hiki ni kituo cha kuigwa, kinachojua thamani ya kila mtoto hata asipokuwepo, akawaomba wote kumi na wawili wapande wapigwe picha. Walipanda kumi na mmoja. Mpiga picha, ambaye naye alikuwa ameisikia hotuba, akawapanga wakiwa na pengo katikati.

Kwenye basi la kurudi Witness alilala, kichwa begani kwa bibi yake. Tukuswiga aliupakata ungo wa akiba usikunjike.

Jumatatu, saa tisa, aliwasha taa. Gasper alikuwa amepiga magoti kwenye vigae, akibandua utepe wa zamani. Alikuwa ameirudia video ya Vwawa mara nyingi wikiendi nzima, akaona ungo ungependeza zaidi ukiruka mbali. Nafasi ya mtoto haikupunguzwa. Iliongezwa hatua moja. Alihitaji mtu wa kumshikia ncha ya futi wakati anapima, na kwa kuwa watoto wengine walikuwa mstarini, aliyemshikia alikuwa Witness.