Kati ya Saa Kumi na Saa Mbili

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Sikio. Alibandikwa jina hilo na mzee mmoja mwenye karakana ya pikipiki, siku kijana huyo alipomsimamisha mtu barabarani na kumwambia, valvu yako moja imelegea, nimeisikia ukipita. Injini ikafunguliwa, valvu ikakutwa imelegea kweli. Mzee si mtu wa kuichezea bahati. Alichukua brashi na rangi nyekundu akaandika getini, kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara, KWA SIKIO, na mwaka uliofuata akamwoza binti yake.

Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita, na miaka yote hiyo fundi amekuwa akirekebisha kabureta kwa namna ile ile. Ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, macho amefumba, na mkono wa pili unazungusha skrubu taratibu mpaka uso wake ulegee. Wateja walikuwa wakiusubiri uso huo kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Mzee akipita nyuma hakosi neno. "Fundi hodari huyu," huwaambia, "lakini msisahau, sikio halipiti kichwa." Kichwa ni yeye. Wote hucheka, na Sikio naye hucheka, kwa sababu anaishi katika vyumba viwili vya uani kwa mzee, mlango wake unatazamana na meza ya vaisi, ile ya kubania vyuma, na mtu anayekaa kwa mkwe hujifunza kucheka.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Sikio alikuwa hasikii.

Halikuja kwa siku moja. Nyundo na mabomba yaliyotoboka vilianza kwa kumlia sauti nyembamba: ndege, kengele ya baiskeli, kile kilio chembamba cha injini inayokosa mafuta. Halafu zikaanza kuondoka sauti za watu. Mkewe ndiye aliyegundua, maana ni fundi cherehani na jicho lake haliachi mshono uliokwenda upande. Ikawa akitaka kusema naye anamgusa bega kwanza, anangoja atazamwe mdomo. Mtu wa tatu hakujua. Kwa wengine wote Sikio aliitikia kwa kichwa. Mtu akisema lolote, anatikisa kichwa na kusema "sawa, sawa," kisha anamwomba Mungu lisiwe swali.

Angesemaje? Jina liko getini. Nyumba ni ya mwenye geti. Watoto wanasoma kwa jina hilo. Aliyenasa mtegoni angalau wapita njia humwonea huruma. Aliyenasa kwenye sifa zake watu humpigia makofi, na yeye huku anakosa pumzi.

Maji yalimfika shingoni mwezi uliopita. Mkunga wa zahanati, mama wa makamo anayezunguka milimani kwa pikipiki, alibadilisha bomba la moshi na chujio la hewa, akaileta irekebishwe. Ukibadilisha vitu hivyo hewa inaingia nyingi, na mafuta ya zamani hayatoshi tena. Injini inabaki na njaa, inapata moto, na siku moja inakwama. Sikio aliweka bisibisi, akafumba macho, akapata mtetemo mkononi na kimya kichwani. Akalegeza uso. "Iko sawa," akasema. Siku nne baadaye pistoni ilikwama katikati ya mlima, mkunga akiwa njiani kwenda kuzalisha. Sehemu iliyobaki alikwenda kwa miguu. Alipofika, mtoto alikuwa ameshapokelewa na jirani na mzazi amepoteza damu nyingi. Waliponea chupuchupu.

Mkunga alirudi na pikipiki juu ya pikapu, na hakumlaumu mtu. "Nimeuziwa mafuta machafu," alisema. "Sikio hakosei." Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Alitamani mama yule amtukane mbele ya watu, yaishe.

Akabadilisha silinda na pistoni. Ulipofika wakati wa kurekebisha mafuta, akaona hawezi kuulegeza uso ule mara ya pili. Akaosha mikono, akaenda dukani kwa vipuri.

Muuza vipuri alikuwa mwanamke mwenye mdomo mpana, rahisi kusomeka, na ndiyo sababu Sikio alikuwa mteja wake. Alimwekea sensa mbili za oksijeni juu ya kaunta. "Hii ndogo inajua maneno mawili tu," akasema. "Inanusa moshi, inakwambia injini ina njaa au imeshiba. Njaa kiasi gani, haijui. Hii nyingine ni ya wigo mpana, ina geji yake, na inakupa namba. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na sita. Namba ikipanda, ujue njaa imepanda. Ina hita ndani, kwa hiyo usiwashe injini kabla hujaipa umeme."

Sikio alichukua ya namba. Ile ya ndiyo na hapana angeifanyia nini? Ya ndiyo na hapana alikuwa nayo mwenyewe, juu ya shingo yake, akiitikisa kutwa nzima.

Muuzaji akainama kutafuta mfuko, na midomo ikazama chini ya kaunta. Huko chini alikuwa akieleza kwamba sensa ya namna hii haipendi maji, tone moja likiigusa ikiwa na moto inapasuka ndani. Alipoinuka alimkuta mteja anatikisa kichwa. "Sawa, sawa," akasema Sikio.

Nyumbani alimwendea mkewe kwenye cherehani, akamwambia kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, "Nimeleta sensa."

"Sensa si ilishapita?" mkewe akashangaa. "Si walitupata sita?"

"Si ya watu. Ya moshi."

Mkewe alicheka mpaka akaachia pedeli. Kisha akaona uso wa mumewe, akatoa pini mdomoni ili asomeke vizuri, akaichukua karatasi ya maelekezo. Ilikuwa ya Kiingereza, na yeye ndiye aliyefika mbali shuleni. "Wanasema bomba ulitazame kwa mbele kama uso wa saa," akatamka neno moja moja. "Sensa ikae kati ya saa kumi na saa mbili."

Sikio akainua macho kwenye saa ya ukutani. Saa kumi, mshale mfupi uko chini kulia. Saa mbili, uko chini kushoto. Katikati yake ni tumboni kabisa mwa bomba. Akarudia kwa kidole hewani, na mkewe akakubali, maana hata yeye angeuelekeza mshale huko huko.

Alifungua betri kwanza ili moto wa kuchomelea usiunguze umeme wa pikipiki, akatoboa bomba kwa chini, akachomelea nati, akaikaza sensa ikitazama juu. Mzee alipouliza, alimwambia anaziba ufa. Geji akaificha kwenye droo ya meza, waya akaupitisha chini ya gunia.

Alasiri hiyo alikuwa na furaha ambayo hakuweza kumwonyesha mtu. Alivuta mafuta, geji ikaandika kumi na sita na pointi mbili. Njaa. Akabadilisha jeti, kile kitundu cha shaba kinachopitisha mafuta, akaweka kubwa zaidi. Kumi na nne na nusu. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alijua kitu badala ya kukisia. Mzee alipokuwa akipita, Sikio alibandika bisibisi sikioni na kufumba jicho moja, la pili likiwa ndani ya droo. Kilichobaki ni kuipima barabarani asubuhi, mafuta yakiwa yamevutwa mpaka mwisho, kama inavyovutwa mlimani. Hapo ndipo ilipokwama ile pistoni ya kwanza.

Asubuhi aliwasha. Bomba lilikuwa baridi, likatoa mvuke. Geji ikaandika herufi moja, E, alama ya hitilafu, na haikubanduka. Akazima, akawasha tena. E. Akafungua sensa, na maji kama kijiko kizima yakamwagikia kiatu chake. Usiku kucha unyevu ulikuwa umeteremkia tumboni mwa bomba na kumngoja.

Akageuka kuitazama saa ya ukutani kupitia mlango wa chumba, akaitazama muda mrefu. Waliochapa karatasi ile huanza kuhesabu saa zao usiku wa manane. Kumi yao ni saa nne yetu. Mbili yao ni saa nane. Walikuwa wanasema upande wa juu wa bomba. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na futi shingoni, aliyafuata macho yake mpaka kwenye saa, akaziba mdomo kwa kiganja.

Na mkunga alikuwa ameshaingia getini, kofia ya pikipiki mkononi. Mzee alimpokea kwa bashasha, akamleta mpaka mezani, akaliona tundu.

"Hicho nini tena?" akasema mzee, kwa ile sauti yake ya kuwaonyesha wateja nani mwenye mahali. "Ziba hilo, washa, isikilize, mpe mama pikipiki yake. Ana watu wanamngoja."

Sikio akakaza boliti kwenye tundu, akawasha. Akaweka bisibisi. Mtetemo mkononi, kimya kichwani. Mkunga alikuwa akimtazama kwa imani ile ile ya mwezi uliopita, na uso wa Sikio, uliozoea, ukaanza kulegea wenyewe. Aliuhisi ukilegea. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akaitoa bisibisi, akazima injini.

"Baba," akasema, "mimi sisikii."

Mzee alimkodolea macho. "Husikii? Mbele ya mteja, uani kwangu, unaniambia husikii?" Akamgeukia mkunga. "Umeona mama? Sikio la kufa halisikii dawa."

Mkunga alicheka kidogo, kwa adabu. Na hapo Sikio aliuona mlango umeachwa wazi. Angenyamaza tu. Mkwe mkaidi huombewa msamaha na mambo yakaisha. Ukaidi una heshima yake, na sifa getini ingebaki salama. Lakini neno la kuwaeleza lilikuwa lile lile moja, sisikii, na ameshalitumia.

Mkewe ndiye aliyetoka mlangoni. "Baba, si ukaidi. Ni masikio. Hayasikii. Huu mwaka wa tatu. Hilo tundu ni la sensa aliyonunua, inapima moshi kwa namba badala ya sikio, na leo imekufa kwa maji."

Mkunga aliacha kucheka, akasogea mpaka mbele ya uso wa fundi, akasema polepole kama mtu anayejua kusema na wagonjwa. "Na mwezi uliopita? Uliponiambia iko sawa?"

"Sikusikia kitu," Sikio akasema. "Nilitikisa kichwa tu."

"Yule mzazi nilimwambia ni mafuta machafu. Nilimwapia."

Sikio alitazama chini, kisha akalazimika kuinua macho tena, maana angeendelea kutazama chini asingejua anaambiwa nini.

"Mficha uchi hazai, fundi," mkunga akasema. "Wewe ulificha, mwingine akazaa bila mkunga." Akaitundika kofia kwenye usukani. "Nitaifuata Ijumaa. Na safari hii usinionyeshe uso. Nionyeshe namba." Akatoka getini kwa miguu, akielekea upande wa milimani.

Mzee aliketi juu ya tairi kuukuu. Akavua kofia yake, akaipangusa bila sababu, akasema jambo akiwa ameinamia magoti yake. Sikio aliona kidevu kikicheza, lakini midomo hakuipata. Shingo yake ikaanza kutikisika yenyewe, sawa, sawa. Akaizuia.

"Sijasikia, baba. Rudia."

Mzee aliinua uso. Kisha akasema kwa sauti kubwa mno, neno moja moja, hata watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka:

"Nimeuliza, hiyo sensa nyingine inauzwa wapi?"