Samaki wa Dirishani na Pombe ya Mama

Watu wa mtaa wetu pale Baraka, kando ya ziwa, walisema nimerukwa na akili, na mpaka leo sijawaomba radhi. Vita vilikuwa vimefunga njia ya Uvira. Kila nyumba iliyotazama barabara ilikuwa imepigiliwa mbao madirishani, isipokuwa yetu, kwa sababu nilikuwa nikigombana na mama juu ya dirisha moja. Chini yake palikuwa na sanduku la kioo lenye maji ya ziwa, majani marefu, na samaki wadogo wa manjano ambao hata paka asingewahesabu kuwa kitoweo.

Samaki walikuwa wa baba. Kabla ya vita alizamia kwenye mawe ya Swima, akiwakamata wakiwa hai kwa ajili ya mnunuzi aliyewapeleka Ulaya. Mnunuzi alipokimbia, hao wa mwisho wakabaki kwetu. Kisha wenye bunduki wakaanza kukamata wanaume njiani ili wawabebeshe risasi, na baba akavuka ziwa kwenda Kigoma.

"Nitarudi," aliniambia, akionyesha samaki. "Nikifika, nibakute bazima."

Mama aliamini nusu. Mimi niliamini yote, nikayachukua kama amri.

Kazi ya sanduku lile ni kusawazisha hewa. Majani yanataka gesi ile tunayoitoa tukipumua. Yakiipata pamoja na mwanga, yanawarudishia samaki oksijeni. Mwanga ukiondoka, majani nayo yanageuka walaji, yanagombea oksijeni na samaki walewale. Baba alizoea kutengeneza gesi kwa sukari na chachu ndani ya chupa. Sukari ilipoadimika na majani yakaanza kunyauka, nikageukia jikoni, kwenye bidoni, lile dumu la kasiksi, pombe ya ndizi ambayo mama aliiuza tukala. Pombe ikichacha inatoa gesi hiyohiyo, tena bure. Nikatoboa kifuniko, nikapitisha mpira wa serumu, ule wa dripu ya hospitali, nikaziba kwa nta, ncha yake nikaizamisha majini.

"Utabalewesha," mama alisema, akacheka mpaka akakaa chini.

Acheke. Majani yalirudisha rangi, na jua likipiga, vipovu vilipanda kutoka kila jani. Nilijivuna kama mtu aliyejenga nyumba ya matofali.

Halafu risasi zikaanza kutoka vilimani. Mama hakuniuliza tena. Alichukua nyundo, akapigilia ubao dirishani, tukalala sakafuni hadi milio ilipohamia upande wa Fizi. Tulibeba vyombo, tulibeba mikeka hadi ukuta wa nyuma, tukasali. Hakuna aliyekumbuka mpira.

Kulipotulia asubuhi, niliinua taa nikaona samaki wote wako juu, midomo wazi, wanatafuta pumzi nje ya maji. Pombe haijui vita. Ilikuwa imeendelea kuchacha gizani na kuwasukumia gesi, huku majani yakimaliza oksijeni iliyobaki. Ubao tulioupiga ili tupone ndio uliokuwa ukiwaua.

Nikang'oa mpira. Nikachukua kikombe, nikateka maji ya humohumo, nikayainua juu na kuyamwaga ili yakutane na hewa, nikateka tena. Mkono uliniuma.

"Lala chini, mutoto," mama alinong'ona, viatu vikisikika nje.

Sikulala. Mlango ukasukumwa, akaingia mwanajeshi, bunduki begani, anatafuta pombe. Akasimama kunitazama.

"Uko nafanya nini?"

"Niko nabapa hewa."

"Ni samaki ya kula?"

"Hapana. Ni ya kuangalia."

"Bantu iko nakufa, we uko naangalia samaki?"

Watu walikuwa wanakufa kweli, lakini nilimwaga kikombe kingine kwanza. "Bantu iko nakufa," nikamwambia. "Sasa hata samaki nabo bakufe? Mutatuachia nini?"

Mama alifumba macho. Mwanajeshi alijaza chupa yake kwenye bidoni bila kuomba, akaelekea mlangoni, akageuka. "Dirisha ile isifunguliwe. Ni amri."

Alipokwenda niliendelea kumwaga. Samaki wawili walikuwa wameanza kulala ubavu. Nilijua kikombe hakitoshi. Majani yalihitaji mwanga, na mwanga ulikuwa upande wa pili wa amri. Nikamtazama mama. Nilikuwa tayari kugombana naye tena.

Hakunipa nafasi. Alichukua panga, akaliingiza chini ya ubao, misumari ikalia ikitoka mmoja mmoja. Jua likaangukia majini.

"Bwana yangu akivuka," alisema, "aone nyumba iko na bantu."

Alishika kikombe cha pili, tukamwaga pamoja. Vipovu vilichelewa, lakini vilikuja. Samaki wakaanza kushuka, hata wale wawili, polepole, mpaka kwenye mawe yao.

Mama aliupasua ubao ule kwa panga, akaupanga chini ya sufuria. Mchana ule tulikula bugali uliopikwa kwa moto wake, dirisha likiwa wazi, na kila mwenye bunduki aliyepita barabarani alituona tukitafuna.