Siku Niliyomlilia Flamingo

Harufu ya Ziwa Nakuru huingia mtaani kwetu Free Area bila kubisha hodi. Upepo ukivuma kutoka upande ule, hasa mchana jua likiwa kali, utasikia magadi, tope bichi na kinyesi cha ndege kwa pamoja, na wageni hukunja pua wakauliza kama choo cha jirani kimepasuka. Mimi hunirudisha darasa la sita, kwenye jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Nyinyi nitawasimulia.

Nilikaa dawati moja na Cherono, msichana mrefu, mkimya, aliyehamia shuleni kwetu katikati ya mwaka baada ya maji ya ziwa kupanda na kumeza shamba lao. Siku moja ya mvua, tukiwa tumefungiwa darasani wakati wa mapumziko, alininong'oneza kilichompata babake. Asubuhi moja mzee alirudi kwenye nyumba yao iliyokwisha kuzama nusu ili ang'oe mabati. Maji yalikuwa yamefunika uzio wa mbuga ya wanyama, na nyati walikuwa wametoka. Mmoja wao alimkuta pale, nyundo mkononi.

"Usiambie mtu," Cherono alisema. "Sitaki waanze kuniangalia."

Niliapa. Mwezi mzima sikufungua mdomo.

Kisha ikaja safari ya mbugani. Madam Njeri, mwalimu wetu wa sayansi, aliagiza kila mmoja abebe daftari na aandike kila mnyama atakayemwona. Tuliandika nyani waliokuwa wakitafutana chawa pale getini, tukaandika ngiri aliyekimbia mkia wima kama waya wa redio, tukaandika vifaru wawili waliosimama mbali sana hata tukabishana kama si mawe. Migunga iliyokufa ilikuwa imesimama ndani ya maji, myeupe kama mifupa, na juu ya matawi yake ndege weusi walikuwa wakianika mabawa.

Kiti cha nyuma cha basi kilikuwa cha Sharon na wenzake. Siwezi kuwaeleza jinsi nilivyotamani kukaa na Sharon. Alikuwa na kicheko ambacho darasa zima lilikingoja, na tangu darasa la kwanza hakuwahi kuniita kwa jina langu.

Basi likapunguza mwendo. Kando ya barabara, karibu kiasi cha kuona kupe masikioni mwake, alisimama nyati dume peke yake, tope limemkaukia mgongoni. Alitutazama tu. Kando yangu Cherono aliweka penseli chini, akabana mikono katikati ya magoti.

Nikageuka nyuma kuona kama Sharon anasikia. Kisha nikasema kwa sauti, "Cherono, si umsalimie huyo? Si ndiye alimuua babako?"

"Ati nini?" Sharon akainuka. "Ati babake aliuliwa na ng'ombe?"

Basi zima likaangua kicheko. Kevo, mvulana wa kiti cha mbele yetu, akaweka vidole viwili kichwani na kumlilia Cherono usoni, "Muuu!" Wengine wakapokea. Madam Njeri, aliyekaa mbele na dereva, akapiga kelele bila hata kugeuka, "Nyamazeni nyinyi, mtamtorosha!" Alikuwa akimhurumia nyati.

Cherono hakulia. Aliokota penseli yake, na kwa mwandiko wake ule mzuri akaandika kwenye daftari: Nyati, mmoja.

"Wee, kuja ukae huku," Sharon akaniita. Nikaenda.

Kufika ufukoni tukashuka. Flamingo walikuwa wengi, lakini karibu nasi alikuwako mmoja aliyevunjika mguu, na marabu alikuwa amekwisha kumwona. Yule ndege mkubwa mwenye upara alimjia polepole, bila haraka yoyote, akambana bawa kwa mdomo. Akaanza kumla kabla hajafa. Flamingo aliinua shingo, akaiangusha, akaiinua tena. Tulipiga mayowe. Mimi nililia hadi nikapaliwa, na Madam Njeri akanikumbatia.

"Mwambie askari amsaidie, Madam, tafadhali!"

Askari wa mbuga aliyekuwa nasi akatikisa kichwa. "Haturuhusiwi kuingilia. Huyu naye lazima ale."

Madam aliponiachilia, nilimkuta Cherono amesimama ubavuni mwangu. Aliyatazama machozi yangu kwa makini, kama mtu anayesoma ubao.

"Huyo unamlilia," akasema. Halikuwa swali. Akarudi kwenye basi.

Ule mlio wa ng'ombe ulidumu muhula mzima. Hata watoto wa darasa la tatu, ambao hawakujua sababu, walimlilia akipita. Asubuhi moja tulikuta pembe zimechorwa kwa chaki kwenye dawati lake, na nilizifuta kwa mkono wa sweta. Nilijiona mwema sana siku hiyo.

Muhula ulipofungwa, mamake alikuja kumtoa shuleni. Walikuwa wanahamia Gilgil kwa shangazi yake. Alikuwa mama mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye wa dawati lake? Asante kwa kukaa na mtoto wangu. Alikuwa ananiambia ako na rafiki mmoja."

"Karibu, mum," nikajibu. Cherono alikuwa akitazama lango.

Miaka mingi nilijifariji kwamba nilikuwa mtoto, na kwamba watoto huropoka. Nimeacha kusema hivyo. Niliishika siri ile mwezi mzima, na mwezi mzima nilijua ningeweza kuifanyia nini. Nilichokuwa sijui ni kitu kimoja tu: kwamba Cherono naye alijua, tangu siku ile ya ziwani, kuwa sikuropoka, na akaenda nyumbani kumwambia mamake kuwa ana rafiki, ili mama huyo aliyefiwa apate usingizi.