Gari Lililotoa Maziwa

Juzi, kwenye gereji moja ya Turwa, fundi alichomoa sili, mpira wa kuzuia maji, iliyochanika kwenye habu, kitovu cha gurudumu, na grisi ikatoka nyeupe. Harufu yake ya tope na mafuta yaliyoungua ilinirudisha utotoni kijijini Natta, mchana ule tulipokuwa tunampeleka mama kujifungua. Tulipovuka mto, baba alisimamisha gari, akaipapasa habu kama alivyozoea kumpapasa ng'ombe mgonjwa. Ute mweupe ulikuwa unadondoka.

"Baba, gari linatoa maziwa!" nilishangilia.

Mama aliguna kwenye kiti cha nyuma.

"Panda, mwanangu," baba alisema bila kucheka. "Litatufikisha."

Nililiimbia gari kama tulivyomwimbia ng'ombe anayekamuliwa. Leo najua yalikuwa maji ya mto yaliyoingia kwenye beringi na kuiharibu grisi yake. Baba alijua siku ileile. Gurudumu lilipiga kelele, kisha likachomoka. Mdogo wangu alizaliwa palepale vumbini, akiwa kimya, na hakulia kamwe.