Siku Wifi Alipokumbuka Mihogo Yake

Jino langu lilichagua wakati wake vizuri sana. Mwali wetu alikuwa ndani, siku ya kumtoa imekaribia, mchele umeshapepetwa, na mimi ndiye somo wake. Kazi ya somo ni mdomo. Anamfundisha mwali kwa mdomo, anamkanya kwa mdomo, na siku ya kutoka yeye ndiye anayeanzisha nyimbo, wenzake wanaitikia. Basi jino langu la nyuma, upande wa kushoto, lililokaa kimya tangu liote, likaona sasa ndipo pa kuoza.

Hiyo ilikuwa miaka ile bandari ya Mtwara inajengwa. Sisi tulikaa kijijini upande wa Naliendele, na mjini tulikwenda kwa miguu. Mwali mwenyewe alikuwa binti wa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Mama yake alinichagua mimi niwe somo kwa ajili ya sauti yangu, na sioni haya kusema hakukosea. Lakini dada wa mume wangu, wifi yangu yule, tangu siku hiyo hakulala vizuri. Yeye ni shangazi wa mwali, akaona usomo ule ni wake na mimi nimemwibia. Sauti yake aliisifu sana mwenyewe. Sisi wengine tuliisikia tu, hatukuwa na la kufanya.

Aliponiona nimeshika shavu alikuja mbio, kwa huruma kubwa.

"Wifi, kama mdomo umekushinda sema. Mimi nipo."

"Najua upo," nikamwambia. "Huna pa kwenda."

Dawa haikuwa mbali. Serikali ilikuwa imeleta daktari wa meno, Mzungu, anakuja na meli, anakaa hospitalini siku chache, anang'oa watu meno, anaondoka. Kila mtu alinishauri niende. Walionishauri kwa nguvu zaidi ni wale ambao hawakuwahi kwenda.

Msinielewe vibaya. Mimi si mwoga. Uso wangu una chale, nilichanjwa nikiwa msichana kwa kisu kidogo, zikasuguliwa mkaa, na sikutoa sauti. Nimezaa, tena kwa mkunga mwenye mikono kama makasia. Nyoka fira aliingia ghalani kwetu, mume wangu akaenda kutafuta fimbo ndefu, aliporudi nayo nilikuwa nimeshamuua kwa mwiko. Sasa mtu kama huyo aogope nini?

Koleo. Nilikuwa binti mdogo baba yangu aliponichukua hadi Mikindani kwa kinyozi mmoja aliyekuwa pia bingwa wa meno, kwa kujitangaza mwenyewe. Baba alikaa kwenye kigoda, kinyozi akamwekea goti kifuani, akavuta, na jino likatoka. Akaligeuzageuza kwenye mwanga. Jino zima, jeupe, zuri kama punje ya hindi. Akasema, "Ah, samahani mzee. Ni jirani yake." Akaweka tena goti. Baba alitema damu njia nzima ya kurudi, na mimi nikaamua kwamba yangu nitakufa nayo yote.

Kwa hiyo kila nilipoondoka kwenda hospitali, nilifika sokoni Chikongola, nikatazama barabara inayoelekea huko, nikakumbuka kwamba nyumbani hatuna chumvi. Nikanunua chumvi, nikarudi. Safari nyingine, chumvi tena. Mama mkwe wangu, mzee mwenye ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu na macho yasiyopitwa na kitu, alikichungulia kile kibuyu cha chumvi kilichojaa, na cha pili, na mfuko ulioning'inia juu yake.

"Mkamwana," akasema taratibu, "tunataka kuanika papa?"

"Chumvi haiozi, mama."

"Ndiyo. Kinachooza tunakijua."

Yeye ndiye aliyenitajia mafuta ya ganda la korosho. Na kweli, wazee wetu waliyatumia: tone dogo kwenye tundu la jino, linaunguza mdudu pamoja na uchungu wake, kwisha. Kila mtu wa kwetu anajua mafuta yale yanavyochuna ngozi. Mtoto akibanjua korosho mbichi kwa meno, mnamtambua kwa midomo kabla hajasema uongo wake. Mama mkwe akanionya, "Tone. Nimesema tone. Chovya njiti."

Nikaona njiti ni ubahili. Kama tone linaponya, basi mengi yanaponya zaidi, na hospitali sitaiona tena. Nikachukua unyoya wa kuku, nikauchovya hadi ukalegea, nikajipaka jino, na fizi kwa tahadhari, na ulimi ukapita njiani. Nilipokuja kupata akili nilikuwa uani, kichwa ndani ya mtungi wa maji. Kulipokucha midomo ilikuwa imevimba, ngozi inabanduka kama ya kiazi kilichochemshwa. Na jino? Jino liliendelea kuuma. Halikuguswa hata kidogo, lilikaa pale katikati ya moto kama mgeni rasmi.

Wifi alikuja kunijulia hali. Alinitazama, akakaa chini kabisa ili acheke vizuri.

"Wifi yangu! Umepanga kumtoa mwali au kumtisha?"

Nikataka kumjibu lakini midomo haikukutana.

"Basi nyamaza, usijiumize. Nimeshaongea na mama yake mwali. Anasema kama mpaka Ijumaa hujaweza kuimba, nitaimba mimi. Na hospitali nitakupeleka mwenyewe, maana peke yako utaturudishia chumvi."

Ijumaa! Na mwali wangu, niliyemfundisha kila wimbo, atolewe kwa sauti ya yule mwanamke! Usiku ule sijui kilichoniuma zaidi ni jino au hilo neno. Alfajiri nilijifunga kanga mbili, moja ya kujifunika mdomo, nikatoka naye.

Alinifurahia njiani, sitasahau. Kila tuliyekutana naye aliamkiwa na kuelezwa. "Shikamoo babu. Huyu? Huyu nampeleka kung'olewa jino, anaogopa. Ndiyo, huyu huyu, somo. Anawafundisha wasichana kuvumilia." Hadi tunafika Chikongola, wauza samaki walikuwa wanajua habari za kinywa changu kuliko mimi. Nilipotazama upande wa duka la chumvi akanishika mkono.

Hospitalini tulikuta benchi refu barazani. Mbele yangu alikuwapo kuli mmoja wa bandarini, mtu wa miraba minne, shingo kama gogo. Akaitwa, akaingia. Mlango ukafungwa. Halafu ikatoka sauti ambayo sikudhani ingeweza kutoka kwa mtu mkubwa namna ile, nyembamba, ya kuita mama yake. Alipotoka ameshika pamba mdomoni, machozi yanamdondoka, nilisimama.

"Nakwenda msalani," nikasema kwa midomo ile ile ya viazi.

"Kaa," wifi akasema. Kisha akageukia benchi zima. "Mnamwona? Miguu inamtetemeka! Wifi, kumbuka unavyomwambia mwali: mwanamke hapigi kelele! Ha! Mwanamke hapigi kelele!" Akacheka. Mimi nimeona watu wakicheka, lakini wifi yangu alipocheka alifungua kinywa chote, kichwa nyuma, unaona hadi koo linapoanzia.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Mwembamba, mikono ina vinyweleo vyekundu, amevaa koti jeupe. Hakunitazama mimi. Aliinama, akachungulia ndani ya kicheko cha wifi yangu kama mtu anayechungulia kisima, akamwambia neno dresa wake, yule mfunga vidonda aliyekuwa akimfasiria.

Dresa akasema, "Mama, daktari anasema uingie wewe kwanza. Meno yako mawili ya nyuma yameoza kupita ya huyo mwenzako."

Kinywa kikafungwa. Sikuwahi kukiona kikifungwa haraka vile.

"Mimi? Mimi nimemsindikiza tu!"

"Ni dakika chache, mama."

"Hapana, baba, si leo. Nimeacha mihogo yangu juani. Mvua itainyeshea."

Sote tukatazama juu. Ilikuwa kiangazi chenyewe, mbingu kavu kama sahani iliyofutwa. Lakini wifi alishasimama, ameshika ndara zake mkononi, na nilipogeuka kumwambia neno nikauona mgongo wake unakata kona ya hospitali. Sijawahi kumwona mtu anayependa mihogo kiasi kile.

Hapo ndipo nilipofikiri, na nilifikiri upesi. Nikiondoka na mimi, tutakimbizana barabarani, na yule ana miguu mirefu. Atafika kwanza. Atasimulia yeye. Atasema nilimkimbia daktari naye akanifuata kunirudisha. Kisha Ijumaa ataimba. Lakini nikibaki, basi yeye amekimbia na mimi nimebaki, na hakuna ulimi duniani wa kuligeuza hilo.

Nikaingia.

Watu husimulia kwamba mtu akipata ujasiri woga unamtoka. Wangu haukutoka. Uliingia na mimi, ukaketi na mimi kwenye kile kiti cha chuma, tukabanana. Dresa akanitazama midomo, akakunja uso.

"Mafuta ya korosho?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Wa nne wiki hii," akamwambia daktari, au kitu kama hicho, maana daktari aliinua macho darini. "Fungua kinywa, mama."

"Nimefungua."

"Hapo hata uzi haupiti. Mama, uso umechanjwa chale zote hizi, halafu unaogopa sindano?"

"Aliyenichanja nilikuwa naujua ukoo wake," nikamwambia. "Huyu ni wa nani?"

Dresa akacheka, akamfasiria. Daktari naye akacheka, kidogo, akasema kitu. "Anasema mama yake ni muuza maziwa huko kwao, na yeye mwenyewe akitaka kung'olewa jino hupiga kelele." Sijui kama ni kweli au dresa aliitunga pale pale. Ilitosha. Nikafungua.

Sindano ilipoingia nilimng'ata daktari. Si sana. Halafu nikalia, na hapo msinidai maelezo, nililia. Nililia sindano ilipoingia, nililia ilipotoka, nililia nilipoliona koleo, na lilipofika kwenye jino niliita mama, nikaita bibi, nikamwita na yule mkunga. Kuli wa bandarini alikuwa bado barazani. Nilimsikia akisema, "Pole dada," kwa moyo wake wote. Lakini uchungu wenyewe nilioungoja tangu Mikindani haukuja. Mdomo ulikuwa umepotea. Nilishika shavu, nikalikuta ni la mtu mwingine. Nikasikia kitu kinakatika mbali, kama mtu anavunja kijiti nyumba ya jirani, na daktari akanionyesha. Jino moja. Jeusi, bovu, lenyewe hasa. Si la jirani.

Dresa akataka kulitupa kwenye ndoo. Nikamshika mkono. Kitu kilichotoka mwilini mwangu siachi mikononi mwa watu, hata wenye koti jeupe. Akaniviringishia kwenye pamba, nikalifunga kwenye pindo la kanga, nikarudi nyumbani mguu kwa mguu bila kununua chumvi.

Wifi alikuwa uani kwa mama mkwe, ameshaanza kusimulia. Nilifungua pindo, nikaliweka jino juu ya ungo mbele yake, katikati ya mihogo.  Kusema sikuweza, ulimi ulikuwa bado umelala. Mama mkwe akaliinamia jino, kisha akamwinamia binti yake.

"Ehe," akamwambia. "Ulikuwa unasema?"

Jioni niliingia kwa mwali. Alikuwa amekaa mkekani, na habari zilikuwa zimeshapita ukutani, kama zinavyopita siku zote. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, ulilia?"

Sasa hapo ningeweza kusema lolote. Shahidi wangu alikuwa amekimbia. Na mimi ndiye niliyemwambia msichana huyu tangu siku ya kwanza kwamba mwanamke hapigi kelele, nikamfinya alipopiga. Nilimtazama. Naye alikuwa anaogopa, si jino, mambo yake yanayomngoja nje, na alikuwa hajamwambia mtu.

"Nililia mpaka kuli wa bandarini akanipa pole," nikamwambia. "Lakini sikushuka kitini."

Akacheka kwa mkono mdomoni, kwa kuwa mwali hatakiwi kucheka. Sikumfinya.

Ijumaa alitoka, amepakwa mafuta, kichwa chini, kanga mpya. Midomo yangu ilikuwa bado inabanduka na pengo linapitisha upepo, kila wimbo ulitoka na mluzi wake pembeni, na wanawake wa kijiji kizima waliniiga mluzi ule miaka mingi. Waige. Nilianzisha mimi, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Na wifi yangu alisimama mstari wa mbele, kama inavyompasa shangazi wa mwali, akaitikia vizuri sana, kwa upande mmoja wa mdomo, ule usio na yale meno mawili.