Kuku Wangu kwa Kinywa cha Furaha

Bugali ikianza kuungua chini ya sufuria, ile harufu inanirudisha Goma, kwenye nyumba yetu ya mbao, wakati watu wa Rutshuru walikuwa wanakimbia vita na magodoro kichwani. Mama alipokea wawili: mama Furaha na binti yake Furaha, mutoto wa umri wangu, mukimya sana. Bibi yake Furaha, aliyemuzaa mama yake, alikataa kukimbia. Alibaki kule peke yake.

Kwetu, mama akichambua maharagwe, kila mutoto alitoa hadithi. Mwenye kuchekesha zaidi alipewa ukoko, ile bugali ngumu inayoshika chini. Shule sikuimaliza, munanijua, lakini ukoko nilikuwa naumaliza. Hadithi yangu ilikuwa ya kuku aliyekataa kukimbia vita. Wenye nyumba wanaenda, yeye anafunga mulango, anavaa kitenge, na waaskari wakibisha anawajibu: «Wenyewe hawako! Murudi kesho na mahindi!» Sauti yake niliitoa kwa mama mumoja jirani aliyeuza makala, ule mukaa wa kupikia, bila kumuomba. Hiyo sikuiita wizi. Niliiita kipaji.

Siku moja natoka kuchota maji kwenye ziwa, nakuta Furaha amezungukwa na watoto, anawatolea kuku wangu. Nikaangusha bidoni ya maji.

«Mama! Furaha ameiba kuku yangu!»

Mama akatoka mbio na mwiko, maana wakati ule kuku ilikuwa jambo zito. Alipojua ni ya hadithi, akanitazama kwa huruma.

«Sasa weye, ni weye uliitaga?»

«Ni yangu, mama! Na kitenge yote!»

Furaha akasema polepole: «Ya kwangu haifungi mulango.»

«Ni ileile tu, mwizi weye!»

«Munyamaze,» mama akasema. «Kila mutu atoe yake, tusikie.»

Nikaanza mimi. Niliruka, nikapiga mabawa, nikalia kama muuza makala. Watu walicheka mpaka maharagwe ikamwagika. Hata mama Furaha alicheka.

Kisha Furaha. Kuku wake anaacha mulango wazi. Asubuhi anafagia kiwanja, anapika, anapakulia wale waliokwenda, kila mutu na sahani yake. Jioni anamwaga chakula, anaosha sahani. Kesho yake anapika tena. Waaskari hawakuja kabisa. Hadithi ikaisha hivyo, kuku anafagia.

Hakuna aliyecheka. Mama Furaha akasimama, akaenda nyuma ya jiko, akakawia huko.

«Munaona?» nikasema. «Hata mama yake imemuchosha!»

Ukoko nikapewa mimi. Niliutafuna mbele ya Furaha, kwa kelele, kama mutu aliyeshinda kesi.

Miaka mingi baadaye vita ingine ikatufukuza na sisi. Baba yangu, muzee mugumu, akakaa kwenye kiti chake akasema haendi popote. Tukiwa njiani watoto wangu wakaomba hadithi ya kuku. Nikaanza na kitenge, nikajaribu ile sauti, ikakataa kutoka. Basi nikawatolea ya Furaha, yote, na sahani zake. Ndipo nilijua kwa nini mama yake alienda nyuma ya jiko.

Mukubwa wao akauliza: «Papa, hii uliitunga weye?»

«Hapana,» nikamwambia. «Ni ya Furaha, wa Rutshuru. Mimi nilimupatia kuku tu.»