Tairi za Jumapili

Muuza spea aliniuliza swali moja tu, na lilikuwa swali zuri, ndiyo maana likaniudhi. "Mama, wiki nzima unaendeshea wapi?"

"Lami," nikasema.

"Basi chukua za lami tufunge. Unabishana nini?"

Alikuwa sahihi. Kazi yangu ni kubeba sampuli za maabara kutoka vituo vya afya vilivyo kando ya barabara kuu, Bunda mpaka Musoma, kwenye boksi la barafu lililofungwa nyuma ya pikipiki. Naondoka nyumbani Bweri na lami, narudi na lami. Pikipiki yenyewe ni ndefu, ilikuwa ya mradi mmoja uliokwisha, inaweza barabarani na inaweza porini. Ila mimi porini naendaga Jumapili tu. Jumapili naenda kumwona binti yangu.

Anakaa kwa bibi yake mzaa baba, huko mbele ya Butiama. Unaacha lami unaingia changarawe, halafu changarawe nayo inakuacha kwenye mbuga ya udongo mweusi. Baba yake tuliachana. Yuko machimboni na mke mwingine. Kwetu huku ng'ombe za mahari zikishatoka, mtoto ni wa boma la baba yake, hata kama baba mwenyewe hayupo bomani. Nilibishana mbele ya wazee, nikalia, nikatukana kidogo, nikaambiwa nitulie, nitakuja kumwona wakati wowote. Wakati wowote! Wale wazee hawajawahi kuvuka ile mbuga masika na pikipiki.

Masika yaliyopita niliivuka mara chache mno. Nilikuwa na tairi za lami, nzuri, bado mpya, na kwenye ule udongo hazikufaa hata kidogo. Tope lilikuwa linajaa kati ya tairi ya mbele na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Nachokonoa na kijiti, nasogea hatua chache, linajaa tena. Siku moja nilianguka na mandazi ya binti yangu na viatu vyake vya shule, nikakaa palepale kwenye tope nikalia kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu. Jumapili nyingi nikawa nageuzia njiani, nampigia kwenye simu ya bibi yake. Mwanzoni alikuwa ananisimulia mpaka salio linakata. Masika yalipokaribia kwisha alikuwa anasema "eeh" na "ndiyo" na "haya mama," halafu nasikia anaulizwa kama amemaliza, anajibu amemaliza.

Mtoto alikuwa anazoea kutoniona. Hilo sikuweza kumweleza muuza spea, nikamwambia tu nataka za kashata, zile zenye meno marefu yaliyoachana, tope liwe linadondoka lenyewe.

"Mama, mtu wa mjini, unaenda kulima nazo?" Akacheka. Alipoona sicheki akawa muungwana. "Sikiliza. Kwenye lami hizo zitaisha upesi. Na lami ikiloa zinateleza. Ukishika breki ghafla pale Bunda katikati ya malori, shauri yako."

Hilo nalo kweli, na sikutaka kufa kwa ajili ya ubishi. Akanionyesha za katikati, nusu kwa nusu, meno mafupi yaliyokaribiana. Lami zinavumilia, changarawe zinavumilia, kwenye mbuga zinajitahidi. Jamani, kujitahidi nilishajitahidi mwenyewe. Mwisho tukakubaliana: ya katikati nyuma, ya kashata mbele.

Fundi aliyekuwa anasubiri kufunga akaguna. "Unageuza mambo, mama. Kila mtu meno anaweka nyuma. Nyuma ndiyo inasukuma."

"Na mbele ndiyo inaangusha," nikamjibu. "Nyuma ikiteleza naituliza, inarudi. Mbele ikienda, nimekwenda nayo. Wewe umeanguka mbuga gani?"

Akafunga kama nilivyotaka. Madigadi ya mbele nayo akaipandisha juu, tope lipate nafasi.

Wiki ile tairi ya mbele ilinguruma kwenye lami njia nzima, na kwenye kona nikawa naenda polepole. Wauguzi wa vituoni wakaanza kusema wananisikia kabla hawajaniona. Nyumbani Bweri nina vyumba viwili. Upande mmoja jirani yangu ni msingi wa nyumba ambayo haijaendelea, upande wa pili ni shamba la mihogo. Nilipika ugali wa mtu mmoja, nikala nimesimama mlangoni nikiiangalia pikipiki. Nilikuwa nimenunua tairi mpya na sikuwa na mtu wa kumwambia njoo uone. Upweke una ujinga wake.

Jumapili nilikuta mvua imeshanyesha upande wa Butiama. Kabla ya mbuga nilisimama, nikapunguza upepo kwenye tairi zote mbili, nikaingia. Nyuma iliyumba huku na huku, nikaiacha iyumbe. Mbele ilishika. Tope lilikuwa linaruka mpaka kifuani, lakini gurudumu lilizunguka, na nilipotokea ng'ambo bila kuweka mguu chini nilipiga kigelegele peke yangu ndani ya helmeti.

Binti yangu alinipokea mzigo, akaniamkia vizuri, akaniletea maji ya kunawa. Bibi yake alikuwa uani anapepeta mtama. Nikamsuka mtoto nywele, tukala. Akaanza kunisimulia habari za shule, kwanza kidogo kidogo, halafu bila kupumua. Nilikuwa na furaha mpaka naogopa kujisogeza.

Wingu likapanda upande wa ziwa. Mtoto akakatisha habari, akainuka, akaenda ndani, akarudi na helmeti na koti langu. Akasimama mbele yangu amevishika. Hakutumwa na mtu. Alishazoea kwamba wingu likija, mama anaondoka.

"Rudisha," nikamwambia, nacheka. "Leo siikimbii mvua. Nimebadilisha tairi."

Nikampeleka akazione. Akaweka kidole katikati ya meno, akatoa tope.

"Hizi hazikwami?"

"Hazikwami."

"Hata ikinyesha sana?"

"Hata ikinyesha sana."

Akafikiri. Uso ukamfunguka wote. "Kwa hiyo leo utalala?"

Mikono ya bibi yake ikasimama juu ya ungo. Mwanamke aliyeachika hawezi kulala tena kwenye boma alilotoka. Hakuna anayelisema hilo, kwa sababu kila mtu analijua, isipokuwa mtoto wa miaka saba. Nilimtazama yule mama, namwomba Mungu amtie neno mdomoni. Akaendelea kupepeta.

"Hapana, mama," nikamwambia binti yangu. "Silali."

Hakulia. Alinivalisha helmeti, akanifunga mkanda wa kidevuni mwenyewe, taratibu, asinibane ngozi.

"Basi nenda," akasema. "Usije ukaloa bure."